Karatasi ya Tatu ya Mpiga Tarumbeta

Ukimpa kiti askari aliyezoea fimbo, anakiogopa kile kiti. Sikuhadithiwa, niliona kwa macho yangu haya. Wanaume waliotoka msituni na risasi bado mguuni, wakiambiwa "kaa" mbele ya komanda, walikuwa wanakaa kwa tako moja, jasho linawatoka, kama bibi arusi kwa wakwe.

Mimi nilikuwa dactylo, mwandishi wa mashini, raia peke yangu katikati ya askari, kwenye kambi moja ya Bukavu wakati wa vita. Jeshi gani, usiniulize. Miaka ile jeshi lililoshika mji lilibadilisha majina mengi kuliko mimi nilivyobadilisha vitenge, na mashini yangu ilikuwa ile ile. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mume, sina mtoto, lakini kambi nzima iliniita Maman Dactylo, hata wazee wenye umri wa baba yangu. Anayeshika dosie yako, faili lako lote, ni mama yako, upende usipende.

Komanda mpya alitufikia kutoka upande mwingine wa nchi, na Kiswahili chake kilijaa Lingala. Kabla ya jeshi alikuwa mwalimu. Siku ya kwanza aliona fimbo iliyotundikwa kwenye chumba cha walinzi, ile ya ngozi, akaishusha mwenyewe, akampelekea mpishi achochee nayo moto. Halafu akasimama mbele ya askari wote.

"Fimbo inafundisha mugongo," akasema. "Miye nataka kufundisha kichwa."

Kuanzia siku ile, kosa likawa karatasi. Askari akichelewa, akilala kwenye ulinzi, akiuza buti zake, mimi napiga barua ya kumuomba maelezo. Wao waliiita "demande" tu. Ana siku mbili za kujibu kwa maandishi. Ijumaa anaitwa bironi, ofisini kwa komanda, anakaa kwenye kiti, komanda anasoma jibu, halafu anamshauri. Anamuuliza: "Tukusaidie namna gani?" Karatasi inaingia kwenye dosie. Ya kwanza, maneno. Ya pili, maneno makali. Ya tatu, hakuna maneno tena: jina lako linaingia kwenye orodha ya wanaopandishwa lori kwenda mbele, kule msituni.

Na orodha hizo nilikuwa nazipiga mimi. Nilipiga za wanaoenda, na miezi ikipita nilipiga pia za wale ambao hawatarudi, mara nyingi majina yale yale. Nasema hili mara moja tu, ili ujue kwa nini karatasi ya tatu haikuwa mchezo.

Yesu wangu, lakini kicheko cha miezi ile ya kwanza! Askari walikuja bironi kwangu kwa mstari, wameshika kofia mkononi.

"Maman, niombee kwa komanda anichape."

"Fimbo imechomwa, papa."

"Hata makumi mbili, maman. Hata bila shati. Fimbo inapona mu wiki moja, ile karatasi iko inangoja."

Sajenti mmoja, mtu wa mashavu makubwa, alileta fimbo yake mwenyewe kutoka nyumbani. Nilimfukuza nayo.

Wengi hawakujua kuandika Kifaransa, na majibu yalitakiwa kwa Kifaransa. Basi asubuhi nilipiga demande, na mchana, nyuma ya jiko, niliandika jibu lake kwa kalamu, nikilipwa hindi la kuchoma. Nilikuwa najiandikia na kujijibu mwenyewe. Siku nyingine nilisoma barua niliyoipiga asubuhi, nikakasirika kabisa: ni nani huyu anayewaonea watu hivi? Nikajibu kwa ukali unaostahili. Masista walinifundisha Kifaransa kizuri, na mimi sikukibania.

Sasa tufike kwa mtu wangu.

Tulikuwa na mpiga tarumbeta, kaporali mmoja mrefu, mpole, mwenye mashavu yaliyotuna kwa kazi yake. Bila tarumbeta yake hakuna apeli, ile ya kuitwa majina asubuhi, na bila apeli hakuna chai. Kambi ilijaa, kwa hiyo alipanga chumba Cimpunda, mtaa wa mlimani, juu kabisa, karibu na kwao mke wake, ambaye alikuwa na mimba. Tangu ahamie kule, mambo yakaharibika. Asubuhi tatu askari mia wamesimama uwanjani, jua linawapiga, tarumbeta hakuna. Anaingia mbio nusu saa baadaye, buti zimejaa matope, macho chini.

Demande ya kwanza: hakutaka kuniambia sababu. "Andika tu kitu, Maman." Nikaandika mvua kubwa, maporomoko, na kijito kilichovimba. Ilikuwa barua nzuri, mimi mwenyewe iliniliza. Ya pili: bado kimya. Nikaandika homa ya bibi yake.

Komanda akaniita, barua zote mbili ziko mbele yake.

"Maman Dactylo, ile siku mvua haikunyesha. Nilianika mashuka yangu."

Nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. 

"Na huyu kaporali, alifundishwa Kifaransa na masista gani? Na yule wa jikoni? Na sajenti? Bote banaandika sawa mutu mumoja." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Nilikuwa nasoma na kufurahi, lakini huyu nimemupotezea karatasi mbili kwa uongo. Akichelewa tena, ya tatu niko nataka ukweli. Bila ukweli, anapanda lori."

Nilitoka mule nimewaka hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Kifaransa changu kizuri kilikuwa kimemlia mtu nafasi mbili kati ya tatu.

Jumatatu iliyofuata alichelewa. Nikapiga karatasi ya tatu, vidole vizito. Nikampa mkononi, nikamwambia, "Kaporali, hii siandiki mpaka useme."

"Basi iache nyeupe, Maman."

"Umerogwa?"

"Iko mambo ya haya." Akageuka akaenda zake.

Kesho yake alifika kwa wakati. Keshokutwa pia. Mchana, nikiwa na hasira bado, nilikwenda kwa mama aliyetuuzia chakula kwenye mlango wa kambi, nikakuta maharagi, siku ya pili mfululizo.

"Maman, sambaza iko wapi?"

"Mwezi iko mukubwa, Maman Dactylo. Ungoje ipungue."

Mtu wa Bukavu hahitaji kufundishwa hilo. Wavuvi wetu wanavuta sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa taa usiku. Mwezi ukijaa, ziwa lote ni taa, samaki wanatawanyika, na sisi tunakula maharagi. Nilikaa na sahani yangu. Siku ya pili maharagi. Siku ya pili tarumbeta inalia kwa wakati. Nikaacha sahani pale pale, mama yule ananiita nimesahau kijiko, nikakimbia bironi. Nilitoa dosie ya kaporali, nikaiweka chini ya kalenda ya parokia, ile inayoonyesha mwezi. Siku zote za kuchelewa zilikuwa siku ambazo mwezi haujawa mkubwa, siku za sambaza. Mwezi ukijaa, hata kosa moja hakuna.

Nilimkuta nyuma ya jiko anasugua tarumbeta kwa majivu.

"Kaporali, wewe na sambaza muna mambo gani?"

Kitambaa kikamponyoka.

"Nani amekuambia?"

"Mwezi."

Akaangalia pande zote mbili, halafu akasema chini chini, kama anayetoa siri ya jeshi. "Mama mukwe yangu anauzisha sambaza."

Kwao, mama mkwe humwoni uso. Hupiti karibu naye, husemi naye. Mkikutana njiani, mmoja anageuka. Kwetu Bagira, upande mwingine wa mji, baba yangu alikuwa karani, na mkwe alikunywa chai na mama mkwe wake meza moja. Adabu ile niliisikia kwa nyanya yangu tu. Na njia ya Cimpunda unaijua: kati ya kuta za watu, upana wa mtu mmoja na beseni lake, chini mtaro. Siku nyingine za samaki, mama mkwe alilala kwa dada yake karibu na ziwa, ili awe wa kwanza kwenye mitumbwi. Usiku kutembea kulikatazwa kwa ajili ya vita; alfajiri, saa ya kutembea ikiruhusiwa, yeye anapanda na beseni kichwani, na kaporali anashuka na tarumbeta kwapani. Katikati wanaonana.

"Nikiona beseni, ninarudi juu, ninajificha nyuma ya choo ya jirani. Nangoja apite."

"Sasa si anapita?"

"Hapana! Na yeye ameona buti zangu. Anarudi chini ku robinet, pale kwa bomba ya maji, anangoja miye nipite." Akafuta jasho. "Ninangoja, anangoja. Ninachungulia, anachungulia. Mpaka jua inatoka."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilishika ukuta wa jiko. Mtu huyu alikuwa amepiga tarumbeta ya kushambulia mbele ya bunduki, sasa anajificha nyuma ya choo kwa sababu ya kimama cha samaki! Lakini yeye hakucheka, na mimi nikaacha.

"Sasa tunaandika hivyo hivyo," nikasema.

"Karatasi ya jeshi imutaje mama ya bibi yangu? Bakubwa basome? Afazali msitu, Maman."

"Msitu! Unajua mimi napiga nini kwenye mashini ile? Bibi yako ana mimba ya miezi saba!"

"Heshima iko heshima."

"Mficha uchi hazai, kaporali, na wewe umeisha kuzaa nusu!"

Akatingisha kichwa. Nikajua ataiacha karatasi nyeupe kweli, atapanda lori na adabu yake. Niliudhika mpaka machozi. Lakini alikuwa amenikataza kuandika tu. Hakunikataza kutembea.

Alhamisi nikapanda Cimpunda. Nilimkuta mama mkwe anapanga dagaa wakavu kwenye kikapu mbele ya nyumba yake. Mwanamke mdogo, mkavu, kitambaa cha manjano kichwani. Nilipomweleza, alipiga mikono magotini.

"Eeh! Kumbe! Miye nilikuwa nasema, huyu mutoto wa batu ana shida gani? Kila mara ninarudi nyuma ili apite, hapite! Ninamuhurumia, iko anachelewa kazi. Na samaki yangu inaharibika!"

"Mama, kesho saa nane wanamuamulia. Ataenda mbele."

Akaacha kikapu. Halafu akafunga kitambaa upya. "Niko nakuya," akasema.

Ijumaa, saa nane. Komanda nyuma ya meza, mimi kwenye mashini yangu, kaporali kwenye kiti kwa tako moja. Karatasi ya tatu iko mezani, nyeupe.

"Kaporali," komanda akasema polepole, "mara ya mwisho. Tukusaidie namna gani?"

Kaporali akafungua kinywa. Pale pale, nje, sauti ya mwanamke ikamuuliza mlinzi, "Biro ya komanda iko hii?"

Sijawahi kuona mtu mrefu akipotea haraka hivyo. Kiti kilianguka. Tulipotazama, alikuwa nyuma ya kabati la chuma la dosie, ukutani, buti tu zinaonekana.

"Kaporali! Simama sawa!" komanda akapiga kelele, na tukasikia visigino vikigongana kule kule nyuma ya kabati. Alisimama sawa kabisa, kwa heshima zote za jeshi, uso ukutani.

Mama mkwe alifika mlangoni, akaona buti, akasema "Ayi!" akageuka, akakaa nje chini ya dirisha, mgongo kwetu, kifurushi cha sambaza kavu magotini.

Komanda alinitazama mimi. "Maman Dactylo. Hapa kuna nini?"

Nikamweleza yote: njia, beseni, choo, robinet, mwezi. Mwanzoni alikunja uso. Nilipofika kwenye kuchungulia, akaweka mkono mdomoni. Nilipofika kwenye maharagi, akalaza kichwa juu ya meza, mabega yanatingishika, nikafikiri analia. Alikuwa analia kweli, kwa kicheko. Nyuma ya kabati buti hazikusogea. Nje mgongo haukugeuka.

Akajifuta macho, akajikohoza, akarudi kuwa mkubwa. Nami nampenda mpaka leo kwa alichofanya, kwa sababu hakuchekelea adabu ya watu. Aliinua kiti kilichoanguka, akakipeleka karibu na kabati, akasema tena kwa sauti ileile ya kila Ijumaa, "Tukusaidie namna gani?"

Kabati halikujibu. Dirisha likajibu. Lakini mama mkwe hakuweza kusema na mkwe wake, wala kusema mbele yake kama anamwambia yeye. Basi alisema na mimi.

"Mama, umuambie komanda amuambie mutu wake: si ana ile chuma ya kulia? Akitoka ku nyumba, aipige. Nikisikia, nitabaki ku robinet, nimupe mugongo. Apite."

"Komanda, anasema..."

"Nimesikia, Maman, iko hapa ku dirisha. Kaporali, umesikia?"

"Sijasikia kitu, komanda," kabati likasema, kwa adabu.

Basi nikarudia. Na kaporali akaniambia mimi, nimwambie komanda, aambie dirisha, kwamba kupiga tarumbeta ya jeshi nje ya kambi kumekatazwa. Komanda akasema yeye ndiye mwenye kukataza. Mama mkwe akaniambia nimwambie komanda aksanti sana, na kwamba kifurushi ni chake, lakini asikaange na mafuta mengi. Tuliendelea hivyo nusu saa nzima, na mimi nikawa barabara ya watu watatu. Kinywa kilinikauka.

Mwisho komanda akavuta karatasi ya tatu, akaandika yeye mwenyewe mahali pa jibu: "Maelezo yametolewa kwa mdomo. Yanatosha." Akapiga muhuri. Nilipigisha mashini yangu kelele nyingi bila kuandika kitu, ili wasinione nafuta macho.

Jumatatu ya kwanza baada ya pale, tulisahau jambo moja: kuwaonya watu wa Cimpunda. Wakati wa vita, alfajiri, tarumbeta ya jeshi inalia katikati ya mtaa! Watu walitoka na magodoro kichwani. Kuna baba mmoja alifika mpaka Kadutu sokoni amebeba kuku na saa ya ukutani, amesahau suruali. Kaporali alishuka mbio anaomba samahani kila mlango, na kwa mara ya kwanza siku ya sambaza alifika kambini kabla ya wakati. Ndani ya wiki mbili watu walizoea. Wakaanza kuamshia watoto shule kwa tarumbeta ile, na ikikosa kulia siku ya kupumzika, wanalalamika.

Halafu mama mkwe, pale chini kwenye robinet, akaanza kujibu. Hakuna aliyemwambia. Alipiga beseni lake kwa kiganja mara tatu, ko, ko, ko: nimegeuka, njia iko wazi. Watu wawili ambao hawajawahi kusemeshana neno moja, kila asubuhi tarumbeta juu, beseni chini. Mimi niliamka mapema Bagira, nikapanda basi la kwanza, nipite tu pale nisikie. Heshima si utumwa, wanasema. Mimi niliisikia ikicheza muziki.

Mwezi ule nilipiga orodha ya lori. Ilikuwa na watu kumi na mmoja, kaporali hayumo. Nilihesabu mara mbili, kwa furaha ambayo niliionea aibu kwa ajili ya wale kumi na mmoja.

Miezi miwili baadaye, asubuhi moja, askari wako uwanjani kwa apeli, komanda mbele, kimya cha jeshi. Bibi ya kaporali alikuwa amepelekwa kujifungua jana yake, na kaporali alisimama na tarumbeta yake, uso umekwisha damu. Hatukuwa na habari. Kisha, kutoka nje ya mlango wa kambi, nyuma ya ukuta, mahali asipoweza kumwona wala kuonwa:

Ko. Ko. Ko.

Nilimwona akihesabu: tatu, njia iko wazi, mtoto amepita. Akafumba macho. Halafu akainua tarumbeta akapiga, si wimbo wa bendera, si wa apeli, bali kitu cha sherehe ambacho hakimo kwenye kanuni yoyote, kirefu, mashavu yametuna na machozi yanateremka juu yake. Askari wakatazamana. Yule sajenti wa fimbo akaanza kucheza pale pale mstarini, na baada yake wote.

Komanda akanijia bironi, uso mkali, shati limetoka nje kwa kucheza.

"Maman Dactylo, andika demande. Amevuruga apeli. Ajibu leo, na ajibu mwenyewe. Kiswahili, ruhusa." Akafika mlangoni, akageuka. "Hii haiingie ku dosie."

Nikapiga. Jioni kaporali akairudisha, imejibiwa kwa mkono wake, herufi kubwa, zinapanda na kushuka kama njia ya Cimpunda. Katika kazi yangu yote niliiba karatasi moja tu ya jeshi, na ni hiyo. Ninayo mpaka leo ndani ya Biblia.

"KOMANDA. MAMA MUKWE AMEPIGA BESENI."